Nani Alifungua Wingu la Phanice?

Hapa Kibera, kutoka Laini Saba mpaka Sarang'ombe, hakuna mtu anayetunza siri kama mimi Wakoli. Niambie kitu leo, kesho itabidi unikumbushe kwamba uliniambia.

Ndiyo maana dadangu Phanice, fundi wa nguo, alinikubalia niweke kazi yake kwenye wingu la mtandaoni. Zamani michoro yake ilikuwa karatasi chini ya mabati yanayovuja. Mvua moja tu, gauni za harusi nzima zikawa uji. Nikaipiga picha michoro iliyobaki, nikaipeleka mtandaoni, ikalala huko kwa kompyuta za watu nisiowajua.

"Kwa hivyo gauni zangu zitafika mbinguni kabla yangu?" alinicheka.

Mafuriko yalipokuja, simu yake ikazama kwenye matope. Siku hiyo alikuwa mtaa wa Ayany kwa Mama Kageha, mwenyekiti wa kwaya. Akaazima simu, akanipigia kuniuliza neno la siri, na michoro ikarudi yote, mikavu kabisa. Hapo ndipo Mama Kageha alipochagua gauni za tamasha: mikono ya kengele, na ndani kamfuko ka leso ambako hakuna fundi mwingine anakashona. Zikipendwa, makanisa yote yangemtafuta Phanice.

Kabla ya tamasha, kwaya moja ya Kawangware ikatokea na gauni hizo hizo. Mikono ile, hata kamfuko! Zimeshonwa na fundi wa huko anayeitwa Gikonyo.

Mama Kageha alikuja, hakusalimia mtu. "Phanice, umetuuza." Akabeba vitambaa vyake, akaenda.

Dada hakulia. Alikaa mbele ya cherehani, mguu juu ya pedali, bila kukanyaga.

Mimi nikawaka. Nikasimama pale nje, karibu na karakana ya Nyamai mchomeleaji, nikahutubia kila mtu kando ya reli.

"Hawa wenye wingu ni wezi waliovaa tai! Wanachukua jasho la mtu wa Kibera, wanampa Gikonyo!"

"Wakoli, punguza sauti," Phanice akasema. "Barua pepe yangu imeandikwa pale mlangoni, kila mtu anaiona. Lakini neno la siri tulilijua wawili tu."

"Ndiyo nasema! Kuna mtu huko ndani amehongwa! Nitawashtaki wote, na wingu lao!"

Nyamai akazima mashine, akainua miwani.

"Gikonyo wa Kawangware? Si alikuwa hapa siku ya mafuriko, nikimchomelea mguu wa cherehani."

"Mmeona? Alikuja kupeleleza!"

"Apeleleze nini? Wewe ulikuwa umesimama hapo hapo, simu sikioni. Mashine yangu inalia, na Phanice huko Ayany hakusikii. Ukapiga nduru mpaka nikazima, nikidhani kuna moto."

"Bana Nyamai, wacha hizo."

"'Nasipwondi! Jina la nyanya! N kubwa! Halafu mwaka aliozaliwa mama!' Ukalirudia. Gikonyo akaniuliza kama hapa watu huwa wanaita mizimu mchana."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Phanice akainuka kutoka kwa cherehani, akaja hadi mlangoni, mkasi bado mkononi.

"Na huo mwaka, Wakoli. Uliutaja pia?"

Nikafungua mdomo. Nyamai akautaja kabla yangu.