Mstari wa Mabosi

…mrefu mno, hata akiupima tena utabaki hivyohivyo, haiwezekani mche huu wa msonobari wa kando ya barabara umfike kifuani wakati ile miche ya ndani inaishia magotini, ye ndiye mtafiti, ye ndiye aliyepanga vipimo, akachuchumaa, kidole kwenye majani membamba, kijani cha kung'aa, kijani cha kujipendekeza, na nyapara nyuma yake anacheka, "Binti, huo ni mstari wa mabosi, hukujua? Mabosi hawaangalii zaidi ya barabara, kwa hiyo huku tunajaza," kumbe, ndoo mbili, labda tatu, za tope la kiwanda cha karatasi, pale alipoagiza ndoo moja kila mche, na vibarua wamefanya kwa nia njema, ndiyo mazoea yao tangu enzi za mbolea ya dukani, amgombeze nani… tope lilelile la kijivu lililokuwa likimwagwa shimoni nyuma ya nyumba ya mama, madirisha yamefungwa kiangazi kizima, mama anapika huku kajiziba pua kwa kitambaa, na sasa malori yanalileta huku kwa majaribio yake ya mbolea, jana mama kapiga simu, "Mwanangu, leo nimeanika shuka nje, njoo unuse," shuka, jamani, wenzake wanasifiwa kwa shahada… na meneja wa shamba la miti anakuja mchana, akiyakataa majaribio malori yanarudi shimoni, basi asimamishwe hapahapa, aone, afurahi, aende zake, kuna ubaya gani, ubaya upo, kesho ataamuru ndoo tatu msitu mzima, mvua zikija tope lote linateremka mtoni, "Binti, twende tukale, tumbo halisubiri utafiti," subiri baba, kidogo tu… ile ya ndani aliipitia asubuhi mmojammoja, mifupi, ndiyo, lakini ina mashina manene, vichipukizi vipya juu, na imeipita ile ya kulinganishia, isiyopewa tope, au macho yake tu, hapana, alipima, akarudia, imeipita, haihitaji kupakwa poda, na ajabu, ile hofu aliyoamka nayo alfajiri imemtoka, hakumbuki saa ngapi, bado kachuchumaa, nyapara bado ananung'unikia tumbo lake, barabara bado tupu, na yeye anatabasamu peke yake kama mwehu, atamtembeza meneja hadi ndani kabisa, miche mifupi iliko, wala hataomba radhi kwa ufupi wake.