Hadi Ishike

Kupitia hadubini niliziona seli za saratani zimenawiri ndani ya dawa ya mama yangu, zimestawi kama mahindi ya kwetu Ziwa mvua ikikubali. Kwa siku tatu nilikuwa nimezinywesha maji ya gome lake la mti, na hakuna dalili kwamba hata moja ilikuwa imeudhika. Zakaria, fundi wa maabara yetu hapa Chepkoilel, alichungulia baada yangu.

"Gome limebaki kiasi gani?" aliuliza.

"Konzi moja tu."

Mama yangu, Waiyego, aliuza miti shamba sokoni Ziwa miaka thelathini. Mwaka juzi saratani ya koo ikampata yeye mwenyewe. Nilimhamishia kwangu Kapsoya ili awe karibu na hospitali, na asubuhi moja nikamkuta jikoni amejipikia gome lake, vikombe viwili, chake na changu, vikiwa tayari kando ya sufuria. Alikuwa akidungwa dawa kali. Niliogopa vitu hivyo viwili vingepigana mwilini mwake. Niliimwaga sufuria yote kwenye sinki huku akinitazama.

"Haya, daktari," alisema.

Hakuwahi kuniita daktari, hata siku niliyofuzu. Kwake nilikuwa Nyaguthii, basi. Alifariki wiki saba baadaye, na tangu hapo kuna jambo moja tu ninalotaka kulijua: kama nilichomwaga kilikuwa maji machungu au kilikuwa uhai wake.

Maagizo niliyatoa katika daftari lake: *Gome, konzi moja. Chemsha hadi ishike.* Nikachemsha kwa maji safi hadi yakawa mekundu, nikaridhika.

"Ishike nini?" Zakaria aliniuliza tulipotoka nje kunywa chai.

"Rangi."

"Aliandika rangi?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikakumbuka. Ishike midomo. Kwetu dawa haikuchemshwa kwa maji matupu. Ilichemshwa kwa supu ya mifupa, saa nyingi, hadi ukiinywa midomo inagandana. Nilipokuwa mtoto mama alinipa kikombe, kisha akaniuliza maswali ya kipuzi makusudi, anione nikihangaika kuibandua. Mimi, mwanawe wa kumzaa, nilikuwa nimelisoma daftari lile kama mgeni. Niliona aibu hata chai ikanishinda.

Jumamosi nilinunua mifupa, nikapika nyumbani sufuria mbili: moja yenye gome, nyingine supu tupu ya kulinganishia. Jumatatu nikaingia kazini na chupa mbili za chai zimejaa supu.

"Hii ni maabara au hoteli?" Zakaria alinitania. Lakini ni yeye aliyeichuja, mafuta kando, maji kando, kwa uangalifu ambao sijamwona nao tena.

Siku tatu hizo niliomba seli zife. Nilijua zikifa nitakuwa nimemnyang'anya mama yangu dawa mkononi, na bado niliomba. Afadhali niwe nilimkosea, mradi yeye awe aliijua dawa yake.

Alhamisi Zakaria alihesabu seli katika sahani zote, akarudia kuhesabu.

"Zenye gome na zisizo na gome ni sawa tu," alisema. "Zote hai." Akavua glavu zake taratibu. "Kwa hivyo hukumkosea, Nyaguthii."

"Najua," nilisema. Nilikuwa na uchungu ambao sikuutarajia, kwa maana sasa hapakuwa na kitu kingine cha kupima.

Nilirudi Kapsoya jua likiwa bado juu. Supu ya gome iliyobaki ilikuwa imeganda kwenye friji. Niliipasha moto, nikatoa vikombe viwili, nikavijaza vyote. Changu nilikinywa kikiwa moto, chungu, hadi tone la mwisho, nikitazama kile kingine kikitoa mvuke upande wa pili wa meza.

Nilitaka kumwambia Mama anisamehe. Midomo ilikuwa imeshika.