Mito Isiyoitwa

Siku ya muzungu wa mbu, hata vyura wa Élisabethville walijikausha migongo. Huyo alikuwa agent wa hygiène, afisa wa afya, aliyepita nyumba kwa nyumba akichungulia kila chombo chenye maji yaliyolala na kutoza faini. Ndiyo maana Anaclet, boyi wa Jivanlal, Mhindi wa duka la vitambaa, alipoona kijungu cha shaba chenye maji nyuma ya sanamu za miungu, hakuuliza mtu. Alibandua nta iliyokiziba, akayamwaga maji uani, akarudi akipiga mluzi.

Mkewe Germaine, aliyefua nguo mle mle nyumbani, alijishika kichwa.

“Weye! Ile mayi ya Nkambo? Ni ya muto wao mutakatifu, Ganga! Alikuya nayo mu bateau, kutoka kwao Uhindi, ngʼambo ya bahari. Ni ya kumutia mu kinywa siku ya kufa!”

“Sasa nitafanya je?”

“Umuambie Bwana.”

“Bwana? Atanikaanga na pilipili!”

Akakijaza kijungu maji ya robinet, bomba la uani, akakiziba kwa nta ya mshumaa.

Nkambo huyo, yaani bibi wa nyumba, Motiba, mama yake Jivanlal, ndiye aliyemwekea Anaclet chapati ya moto kila asubuhi. Mvua zilipoanza, aliugua. Kila siku Anaclet aliapa kusema. Kila siku ulimi ulikuwa mzito kama mchi.

Saa ya kufa ilipofika, Motiba akalazwa sakafuni, kama ilivyo desturi yao. Jivanlal akafungua kijungu, akamdondoshea maji mdomoni, akiimba jina la mungu wao Ram sikioni mwake mpaka pumzi ikaisha. Anaclet alisimama mlangoni, akiyatazama yale matone ya robinet.

Baada ya mazishi, Anaclet alimpelekea bwana wake ndoo ya kuogea. Jivanlal akafunika maji kwa kiganja, akaimba taratibu.

“Bwana, unaita nani?”

“Mito. Ganga, Yamuna, Godavari. Kwetu ni mbali, lakini nikiita, inakuya, inaingia mu hii mayi.”

“Hata mayi ya robinet?”

“Hata ya mvua, hata ya matope. Kuita tu.”

Anaclet akasogea karibu. “Na ile ya Nkambo… uliita?”

“Niite nini? Si Ganga yenyewe ilikuwa mule?”

Anaclet alishika ukingo wa ndoo. Neno moja tu lake siku ile, na Jivanlal angeita, na mto ungevuka bahari kumfuata yule mama.

“Mbona unalia?” Jivanlal akamshika bega. “Alikunywa muzuri.”

“Ndiyo, Bwana,” Anaclet akasema. “Alikunywa muzuri.”