Mchuzi Mweupe wa Ubatizo

Jumamosi, siku moja kabla ya ubatizo wa Lucien, bibi yake Marthe Vergnolle alikuwa jikoni akikata bega la ndama vipande vya ukubwa wa ngumi ya mtoto. Alivilaza kwenye beseni la maji baridi ili damu itoke, akamwaga maji, akatia mengine, mpaka yakabaki safi. Kisha akavihamishia kwenye sufuria kubwa pamoja na karoti, liki na kitunguu kilichochomekwa karafuu, akawasha moto mdogo. Mchuzi huu, blanquette, sifa yake ni weupe. Nyama haikaangwi, siagi haiachwi ikaungua, na mpishi anayeruhusu rangi iingie husemwa hata kwenye mazishi ya mtu mwingine.

Ghislaine, mke wa mwanawe, alikuwa mezani akimenya uyoga. Kapu la Lucien lilikuwa sakafuni, karibu na miguu yake. Mtoto alikuwa wa miezi mitano, na kwa kuwa alizaliwa majira ya baridi, alikuwa hajatolewa nje kwa maana ya kutolewa. Marthe alikuwa amesema upepo huua watoto, na mbao za madirisha zilifungwa.

"Huyu ndama tumempata kwa nani, mama?" Ghislaine aliuliza.

"Ni wa Pervenche."

Ghislaine akaacha kisu. "Pervenche, ng'ombe wetu?"

"Unamjua Pervenche mwingine?"

Katika vilima vile vya Corrèze kila nyumba hufuga ndama wa maziwa, na hakuna nyumba inayokula ndama wa zizi lake. Ukitaka kupika unachukua wa jirani, naye siku yake ikifika anachukua wako. Hakuna aliyewahi kueleza kwa nini. Lakini Anselme, mume wa Marthe, alikuwa amegombana na jirani kwa ajili ya mfereji, na mtu aliyemwita jirani yake mwizi wa maji hawezi tena kumwendea kumwomba bega.

"Baba yenu kasema nyama ni nyama," Marthe alisema akiengua povu. "Nikamwambia haya, utajionea."

Jioni ilifika saa ya kunyonyesha. Nyuma ya zizi kulikuwa na chumba kisicho na dirisha, na humo ndimo ndama walimoishi, kila mmoja amefungwa kikapu mdomoni asije akatafuna hata unyasi mmoja. Asubuhi na jioni walifunguliwa, wakapelekwa kwa mama zao, wakanyonya, wakarudishwa. Maziwa matupu na giza ndivyo vinavyoifanya nyama iwe nyeupe.

Saa hiyo ilipofika, sufuria ililia. Ilikuwa sauti ya ndama mwenye njaa, nyembamba kidogo kwa sababu ya kifuniko. Marthe alipunguza moto. Sufuria ikalia tena.

Muda si muda mlango wa uani ukasukumwa, Pervenche akaingia, Anselme na mwanawe wakimfuata nyuma. Alikuwa ng'ombe mwekundu, mpana kuliko mlango, lakini alipita. Marthe alisogeza kiti.

"Msimsukume," alisema. "Atavunja vyombo."

Pervenche alikwenda hadi kwenye jiko, akanusa kifuniko, akasimama. Chuchu zake zilianza kudondosha maziwa juu ya vigae. Ghislaine aliyatazama maziwa yale, kisha akahisi blauzi yake mwenyewe imelowa kifuani, pande zote mbili. Ndipo Lucien akaamka na kulia. Papo hapo sufuria ikanyamaza, na Pervenche akageuza kichwa taratibu kuelekea kapu.

Ghislaine alimnyakua mtoto kabla hajafikiri. Alipanda ngazi mbio, akaingia chumbani, akasukuma mlango. Nyuma yake alisikia ngazi zikilalamika, moja baada ya nyingine, chini ya kwato.

"Ng'ombe ngazi anapanda, hashuki," Anselme alisema kutoka chini. "Kama shemeji yangu akishalewa."

"Sasa tutafanyaje, baba?" Hiyo ilikuwa sauti ya Thibaud, mume wa Ghislaine.

"Tutampelekea majani makavu. Ulitaka nimbebe mgongoni?"

Pervenche aliufungua mlango kwa paji la uso, akalala kwenye zulia kando ya kitanda, akaanza kumlamba Lucien kichwani. Ghislaine hakuthubutu kumzuia. Pembe ilikuwa karibu sana na jicho la mtoto. Lakini si pembe iliyomtisha. Kilichomtisha ni jinsi mwanawe alivyotulia upesi. Nywele zake zikasimama kwa mzunguko kwenye utosi, na alipofungua kinywa kucheka, alilia kama ndama.

Jumapili kanisani padre alimmiminia maji, Lucien akalia vile vile, padre akaendelea na sala. Kisha watu wakaja nyumbani. Meza ilikuwa ndefu. Walianza na soseji nene za utumbo na ini la bata lililosagwa, ukafuata ulimi uliochemshwa, na mwisho Marthe akaleta mchuzi mweupe na wali, akiwa ameukoroga na krimu, viini vya mayai na ndimu. Wote walisema hawajawahi kuona mweupe kama ule. Kwenye ubatizo wa kule watu hula mpaka jioni, na jioni mabaki yaliyokuwa sufuriani yakalia. Pervenche akajibu kutoka juu. Wageni walipandisha sauti kidogo, kama watu wanaozungumza treni inapopita.

Baba wa ubatizo alikuwa Rouffiat, mnunuzi wa ndama, mtu mkubwa mwenye vidole gumba visafi. Mnunuzi wa kule hatazami paja kwanza. Huvuta kope la chini la ndama kwa kidole gumba, akatazama ndani. Pakiwa peupe pale, nyama ni nyeupe mwili mzima.

"Nipeni kijana wangu nimwone," Rouffiat alisema.

Alimpakata. Alikuwa katikati ya habari za mvua, jinsi ilivyochelewa, na mtoto akalia ule mlio wake. Bila kukatiza maneno, Rouffiat alimvuta kope, akatazama.

"Mweupe," alisema. "Anselme, huyu umemtunza kweli. Nimchukue lini?"

"Alhamisi," Anselme alijibu, wali mdomoni.

Wakanyoosha mikono juu ya meza, wakapigana viganja, kama inavyofungwa kila biashara ya ndama.

Kofi lile lilisikika. Rouffiat alimtazama mtoto mapajani mwake, halafu akautazama mkono wake. Shangazi mmoja akaomba apitishiwe mkate, akapitishiwa.

Ghislaine alicheka, akangoja wengine wacheke. Hakucheka mtu.

"Baba, mwambie mlikuwa mnatania."

"Mkono umeshapigwa, mwanangu."

"Huyu ni Lucien!"

"Najua ni nani, jina nimempa mimi." Anselme alifuta mdomo. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti haikutikisika. "Mkono wa nyumba hii haujawahi kurudishwa nyuma, tangu kwa babu yangu. Nikiurudisha leo, nani atanichukulia ndama kesho?"

"Mimi mwenyewe sipendi, mama Lucien," Rouffiat alisema kwa upole, akimrudishia mtoto. "Lakini nikimwachia mmoja, kila mtu atataka kuachiwa."

"Thibaud," Ghislaine aliita.

Mumewe alikuwa akikunja kitambaa cha mezani, akakikunjua, akakikunja tena. "Labda asije," alisema. "Alhamisi ana soko Brive."

Jumatatu Ghislaine aliwaza kukimbilia kwa mama yake, Tulle. Lakini Rouffiat alinunua ndama Tulle pia, na huko pia watu walimpigia mkono. Alikaa kitandani na mtoto, Pervenche akicheua kando yao, na ndipo akakumbuka ndama wa mwaka uliotangulia aliyevua kikapu chake akatoka nje. Alikuwa amekula majani siku chache tu. Mnunuzi alimvuta kope, akakuta pekundu, akaondoka zake, na Anselme hakumdai kitu. Mkono hupigwa kwa ajili ya weupe. Mwekundu anaachwa, na hakuna aibu juu ya aliyemwacha.

Basi alijua la kufanya, na lilikuwa gumu kuliko kukimbia. Maziwa ndiyo yanayoleta weupe, yakiwemo ya kwake.

Alimfungia Pervenche chumbani, akamtoa Lucien nje, akakaa naye kwenye ukuta wa mawe unaotazama jua. Alichuma yale majani yanayowasha, ya kando ya ukuta, akayachemsha mpaka yakaacha kuwasha, akayaponda. Aliponda bitiruti. Aliponda majani machungu ya shambani. Lucien alitema, akasukuma kijiko, akageuza uso kumtafuta kifuani. Ghislaine alimwelekeza upande mwingine. Kifua kilikuwa kimevimba na kuuma, blauzi imelowa tena, na kule juu Pervenche alikuwa akiita dirishani. Mtoto akawa anamjibu. Ghislaine alimziba masikio kwa viganja, akamwimbia karibu na pua, maneno yoyote yaliyomjia, hata majina ya vituo vya treni kutoka Tulle hadi Brive.

"Kidogo tu, baba," alimwambia. "Kijiko kimoja kwa ajili ya mama. Halafu kimoja tena."

Kila gari lilipopita barabarani, alimwinamia mtoto mpaka lipite. Kila jioni alimvuta mwanawe kope la chini kwa kidole gumba na kutazama. Alichukia jinsi kidole chake kilivyojifunza upesi. Jumanne palikuwa bado peupe. Jumatano aliona mshipa mmoja mwembamba kama uzi, na akalia, kisha akaponda bitiruti nyingine.

Marthe alipita uani mara kadhaa bila kusimama. Lakini asubuhi ya Jumatano, kwenye kizingiti cha dirisha, palikuwa na sahani ya soseji ya damu iliyopondwa laini, bila chumvi, na kijiko kidogo juu yake.

Alhamisi lori lilifika. Rouffiat alinawa mikono kwenye bomba la uani kama kawaida yake. Aliingia kwanza kwenye chumba cha giza, akachagua, akatoka, kisha akaja jikoni. Anselme alisimama karibu na mlango, kofia mkononi. Thibaud alikuwa shambani. Alikuwa ametoka kabla hakujapambazuka.

"Haya," Rouffiat alisema.

Ghislaine hakumwachia mtoto. Alimshika yeye mwenyewe, mkono mmoja chini ya makalio, mwingine shingoni. Rouffiat aliinama. Alivuta kope la kulia, akatazama kwa muda mrefu. Akavuta la kushoto.

"Amekula majani huyu."

Alimgeuza kichwa kuelekea mwangani, akatazama tena.

"Na jua kalipata. Nani kamtoa nje?"

"Mimi," Ghislaine alisema.

"Basi umemharibu." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. "Mwekundu huyu. Hafai."

Alimgeukia Anselme, akafungua kiganja mbele yake, na biashara ikawa imekufa. Lakini lori halikuweza kuondoka na nafasi wazi. Alirudi kwenye chumba cha giza, akamchukua ndama mwingine, yule mdogo kuliko wote ambaye wakati wake ulikuwa haujafika. Ghislaine alimwona akipandishwa, kikapu bado kimefungwa mdomoni. Alijua angepaswa kusikitika. Alifurahi, mwili mzima, na furaha ile ikamwogopesha kuliko lori.

"Kope kama nyanya, nyumbani kwangu," Anselme alisema lori lilipokwisha kuondoka. "Mkoa mzima utasikia." Akavaa kofia, akatoka. Hakumtazama mtoto, ila alipopita alimgusa kisigino.

Ghislaine aliketi pale pale jikoni, akafungua blauzi. Mwanzoni Lucien hakuitambua chuchu. Aligeuza macho kwenye dari, ambako kwato zilikuwa zikitembea. Mama yake alingoja. Kisha mtoto akashusha macho, akanusa, akashika, akanyonya kwa pupa hadi maziwa yakamtoka puani.

Marthe aliingia na mafungu ya majani makavu mikononi, ya kumpelekea Pervenche juu, kwani sasa alikuwa anaishi kule na chumba kilikuwa chake. Alisimama akawatazama wawili wale.

"Kabla ya Thibaud nilikuwa na mwingine," alisema.

Ghislaine akainua uso.

"Alikuwa mweupe sana. Watu walikuwa wakinisifu." Marthe alihamisha mafungu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Alikuja baba yake huyu Rouffiat. Mkono alipiga baba mkwe wangu."

"Na wewe ulifanya nini, mama?"

Marthe alifikiri, kama mtu anayejaribu kukumbuka vipimo vya mapishi.

"Nilimvalisha kofia," alisema. "Kulikuwa na baridi siku hiyo."

Akapanda ngazi, wakamsikia akisema na ng'ombe, akimtandikia. Aliposhuka, saa ya kunyonyesha ilikuwa imefika. Alivaa viatu vya mpira, akaenda nyuma ya zizi kuwafungulia ndama waliobaki. Waliponyonya wakashiba aliwarudisha gizani, akawafunga vikapu vyao vizuri, akafunga mlango, akaja kuuliza kesho wale nini.