Kosa: Sifuri

Neno lililomzeesha mwalimu wa hisabati na takwimu lilikuwa "kosa". Kila mwaka aliwaeleza wanafunzi wa sayansi wa mwaka wa kwanza kwamba kosa la kipimo si dhambi. Ni zile tofauti ndogo ndogo zinazobaki hata mtu apime kwa uangalifu namna gani. Kila mwaka waliitikia kwa vichwa, wakaenda maabara, wakapima urefu wa jani moja mara kumi kwa rula, wakarudi na namba ileile mara kumi. Chini wakaandika: kosa, sifuri.

"Mlipimaje?" aliwauliza safari hii.

"Kwa makini, mwalimu," akajibu mmoja. "Hatukufanya kosa hata moja."

Kumpigia mbuzi gitaa kuna nafuu, maana mbuzi hajibu. "Mkono unatikisika, jicho linadanganya, rula yenyewe imechakaa," alisema. "Anayepima mara moja akaniambia ana hakika, huyo ananidanganya. Namba isiyo na kosa lake siitaki humu." Walikuwa wamemfika shingoni, na sauti yake ilisikika hadi koridoni.

Benchi la nyuma alikaa binti wa dada yake. Binti huyo alikuwa akirudia somo. Akifeli tena, chuo kinamwondoa. Darasani alimwita mwalimu kama wengine wote, na mwalimu mwenyewe alishukuru kwa hilo.

Mtihani ulipokwisha, binti akapata thelathini na tisa. Kufaulu ni arobaini. Mwalimu akamwita ofisini amwambie uso kwa uso, kabla dada mtu hajaanza kupiga simu. Roho ilimuuma, lakini alama ni alama.

Binti aliitazama karatasi yake. "Umeisahihisha mara ngapi, mama mdogo?"

"Mara moja. Kama za wenzako."

"Na kosa lake ni ngapi?"

Mkuki kwa nguruwe. Muhula mzima mwalimu alikuwa akiomba apatikane japo mmoja wa kumwelewa, na amepewa huyu, tena leo.

"Nikirudia yako, itabidi nirudie zote zilizo karibu na arobaini," alisema. "Wapo waliopita kwa arobaini na moja. Nao wanaweza kushuka."

Binti akainamisha kichwa. "Si urudie yangu tu?"

"Hiyo si takwimu, mwanangu. Huo ni undugu. Nenda nyumbani."

Kwa kuwa damu ni nzito kuliko maji, hakuuamini mkono wake. Karatasi zote za karibu na arobaini akampelekea mwalimu wa kemia azisahihishe upya. Zilirudi baada ya chakula cha mchana, na alama zilikuwa zilezile, karatasi kwa karatasi.

"Hata moja hatukutofautiana?"

"Niliziona zako pale juu," mwalimu wa kemia akasema kwa upole. "Nikaona ya nini tupishane, sisi watu wazima?"

Alitamani kumtupia chaki. Badala yake alirudi ofisini, akaziba majina na alama za mwanzo kwa vipande vya karatasi, akalichanganya rundo, akaanza kusahihisha mwenyewe.

Alipofunua, binti wa dada yake alikuwa na arobaini na moja. Mmoja wa waliokuwa na arobaini na moja alikuwa ameshuka hadi thelathini na nane. Mkono ulikuwa uleule, kalamu ileile, hata hasira ileile. Akakumbuka lile jani, akaona aibu.

Fomu ya matokeo ina nafasi ya namba moja tu kwa kila mwanafunzi. Mbele ya kila alama ya mwanzo iliyokaribia arobaini aliandika kwa kalamu: kosa, tatu. Chini akaomba wote hao wapewe mtihani mwingine, usahihishwe na watu wawili wasioonyeshana. Akaipeleka.

Kesho yake karani wa ofisi ya mitihani akapiga simu. "Mwalimu, fomu yako ina makosa."

"Najua. Nimeyaandika mwenyewe."

"Nikufutie?"

"Usifute."

Karatasi zilisikika zikifunuliwa upande wa pili. "Sasa huyu wa thelathini na tisa, nimwandike amefaulu au amefeli?"

Dada yake alikuwa ameshapiga mara mbili asubuhi hiyo, naye hakupokea.

"Andika," alisema, "kwamba mwalimu wake hajui."