Salongo Ufukweni

Kwa miaka mitatu Nyiramahirwe alipanda matete kwenye ufuko wa ziwa, pale ambapo watu wa Goma walikuwa wamegeuza jalala, ili mizizi ishike udongo na watoto wapate pa kuchezea. Mikono yake miwili haikutosha. Akamwomba shefu wa mtaa, muzee Ntirenganya, alete watu wa salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi, wamsaidie kupanda.

Alipofika na mzigo wa miche kichwani, kazi ilikuwa imekwisha. Nani asiyejua salongo? Ukishikishwa panga unafyeka, huulizi kipi ni gugu na kipi kimepandwa. Kati ya matete yake ya miaka mitatu halikubaki hata moja.

Akaanguka magotini, akivishika visiki kana kwamba vingeungika.

Muzee Ntirenganya akafuta jasho, akatabasamu.

“Mama, fasi yako ya kupanda ni safi kabisa. Sasa panda.”