Mshono wa Paa

Didas alilitambua gari kabla hajamwona dereva wake. Lilikuwa Celica nyekundu ya milango miwili, ya mwaka 2000. Lilipokuwa linaingia kwenye gereji yao pale Temeke lilikanyaga jiwe, na paa likatoa mlio mdogo kama wa kitanda cha chuma mtu anapogeuka. Mafundi wengine hawakuinua hata macho. Yeye aliweka nyundo chini.

Aliyeshuka alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa gauni la kitenge na raba, na kwenye kidole gumba alikuwa na doa la oili.

"Habari za kazi. Namtafuta fundi Didas."

"Ndiyo mimi, dada."

"Naitwa Herieth, ni mwalimu, nimetoka Wazo. Fundi wa alaimenti kule Tegeta kaninyooshea magurudumu mara tatu na tairi za kushoto bado zinalika upande. Kasema shida iko kwenye bodi. Kasema Dar nzima hakuna anayejua bodi kama wewe."

Siku nyingine Didas angefurahi kusikia hivyo. Aliuliza gari lilinunuliwa wapi, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Kinondoni, yadi ya Wilfred. Mwezi wa tatu."

Herieth alianza kumweleza matatizo huku akilizunguka gari. Mlango wa kushoto unataka kusukumwa kwa nguvu. Mvua ikinyesha, maji yanaingia miguuni. Halafu kuna huo mlio wa juu. Lakini injini, alisema, injini haina shida kabisa. Oili anabadilisha mwenyewe kila kilomita elfu tano, plagi kanunua za kweli, breki mpya zilikuja na gari. Tangu akiwa chuo alitaka gari la namna hii, na watu wote waliomzunguka, kuanzia kaka zake mpaka mkuu wa shule, walimwambia anunue kigari cha kubebea nyanya. Aliuza kiwanja chake cha Chanika, akanunua hili.

"Jumamosi alfajiri barabara ikiwa tupu naipeleka Bagamoyo," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Mia na thelathini, inatulia tuli."

Didas alitazama paa.

Mwezi wa kwanza Wilfred alimletea Celica mbili. Ya kwanza ilikuwa imegongwa na lori kwa nyuma, imekunjika hadi kwenye viti. Ya pili ilikuwa nusu tu, sehemu ya nyuma, kanunua kwenye skrapu. Alitaka ziwe moja. Alisema kuna mwenye mgahawa Msasani anataka kuiweka ndani, wateja wakae humo wapige picha, haitakanyaga barabara hata siku moja. Didas alifanya kazi ile kwa wiki tatu. Alikata, akapima, akachomelea, akapiga puti ya kuziba mshono, akasugua mpaka kiganja kikipita juu ya paa hakikuhisi kitu. Aliionea fahari. Wiki ya mwisho alikuja fundi mwingine kufunga breki mpya, na Didas alisimama pale na kikombe chake cha chai akitazama. Gari la kupigia picha halihitaji breki mpya. Aliliona hilo, akanywa chai yake, akanyamaza.

Sasa mwalimu alikuwa amesimama mbele yake akingoja jibu.

"Dada Herieth," alisema, "hii gari usiiendeshe tena."

"Kwa nini?"

"Ni gari mbili. Zimekatwa katikati zikaunganishwa."

Herieth hakupiga kelele. Alivuta pumzi, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa, "Nionyeshe. Taratibu. Imekatwa wapi?"

Didas alipitisha kidole juu ya paa, nyuma kidogo ya viti vya mbele, akashuka nacho kwenye nguzo ya mlango mpaka chini.

"Kwa hiyo mimi nakaa mbele ya mshono."

"Ndiyo."

"Nikigongwa?"

"Panaachia."

"Nikifunga breki ghafla, mia na thelathini?"

Didas alitazama chini. "Siwezi kukuambia hapataachia."

Mtaa wa pili mtu alikuwa akijaribu honi, anaipiga, anaacha, anaipiga tena.

"Nani aliichomelea?"

Angeweza kusema hajui. Jina la fundi haliandikwi kwenye chuma. Hata hivyo neno lilimtoka kabla hajapanga la kusema.

"Mimi."

Herieth alimtazama kwa muda mrefu kiasi kwamba wale mafundi wengine sasa waligeuka. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. "Jumamosi iliyopita," alisema polepole, "kwenye kiti hiki hapa alikaa mama yangu. Ana miaka sabini na moja. Alikuwa anacheka kama msichana. Wewe ulikuwa wapi Jumamosi iliyopita, fundi?"

Herieth alifungua mlango wa kushoto.

"Chukua vifaa vyako. Tunakwenda Kinondoni. Utakaa hapo alipokaa mama, na mimi naendesha."

Didas aliweka grenda yake ya betri, ile mashine ya kukatia vyuma, kwenye begi pamoja na kisu cha kukwangulia rangi, akaingia. Herieth aliendesha kwa mwendo wa arobaini, ameng'ata meno, wenye haraka wakimpigia honi na kumpita. Kwenye kila tuta paa lilipiga ule mlio, na kila ulipopiga Didas alijua ni sentimita gani ya mshono inayolalamika. Alikuwa na hasira na Wilfred, hasira ya kumtafuna, lakini kila alipojaribu kuielekeza huko ilimrudia na kile kikombe cha chai.

Wilfred aliwapokea mlangoni mwa yadi, shati jeupe, marashi. Karibu na Vitz ya kijivu walisimama mume na mke waliokuwa wakichagua gari.

"Mwalimu, karibu sana. Chombo kinasumbua?"

"Uliniuzia gari mbili zilizoungwa," Herieth alisema, bila kupunguza sauti. "Nataka hela yangu."

Wilfred alimwona Didas, akatabasamu. "Aah, ni huyu. Dada yangu, huyu nilimfukuza kazi kwa ulevi. Ana hasira zake na mimi. Gari ilikaguliwa, karatasi ninazo."

Didas hajawahi kunywa pombe maishani. Alitaka kusema hivyo, akaona hakuna maana. Alitoa kisu, akapiga goti kando ya mlango, akakwangua. Rangi nyekundu ilitoka kama ganda, kisha puti ikamwagika kama unga wa chaki, kisha ukaonekana mstari wenyewe, matone ya chuma yaliyopangana. Mke wa yule mteja alisogea, akainama, akautazama. Alilivuta shati la mumewe. "Twende," alisema, na wakaondoka bila kuaga.

Hapo Wilfred akamkaribisha Herieth ofisini. Walikaa humo nusu saa. Didas alisikia sauti ya mwalimu ikipanda mara mbili, ya Wilfred ikibembeleza. Herieth alipotoka alikuwa anasoma simu yake. Alisoma ujumbe wa benki mara ya pili, akauweka ufunguo wa gari mkononi mwa Wilfred kama mtu anayetupa kitu kilichooza.

Didas alimfuata mpaka getini.

"Mwalimu, ukimwachia gari, wiki ijayo ina rangi mpya. Atamuuzia mwingine."

"Najua."

"Sasa?"

Herieth aligeuka. Macho yalikuwa mekundu, ila makavu. "Sasa nini? Mimi nilinunua bila kujua. Nimerudisha, nimechukua changu. Wewe ulijua tangu mwanzo, ukapiga puti, ukapaka rangi. Usije hapa kuniuliza mimi sasa nini." Alisimamisha bajaji, akapanda, ikaondoka.

Wilfred alikuja akamwekea Didas mkono begani. Hakuwa amekasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Braza, umeniharibia siku, lakini yameisha. Jumatatu nakuletea rangi, uifunike hapo ulipokwangua. Mlio wa juu uutafutie dawa. Safari hii tunampa mtu wa mkoani, hata akipata matatizo Dar ni mbali."

Didas aliutoa mkono ule begani. Alirudi kwenye begi, akavaa miwani ya kazi, akawasha grenda. Wilfred, alipomwona ameinamia begi, alidhani anafunga vifaa vyake. Alipoelewa, cheche zilikuwa tayari zinaruka.

Alianzia kwenye nguzo aliyoikwangua akapanda juu. Mahali pa kukata hakuhitaji kupatafuta. Rangi iliungua ikatoa moshi wa kunuka, puti ikamrukia usoni na kwenye ndevu. Wilfred alipiga kelele, mlinzi akaja na rungu, lakini hakuna aliyetaka kumsogelea mtu mwenye mashine ile mkononi. Didas alikata paa lote, kushoto hadi kulia, akashuka nguzo ya pili. Alikuwa anasema kitu, yeye mwenyewe hakujua ni nini, mlinzi baadaye aliwaeleza watu kwamba alikuwa anarudia tu, "Itakaa ndani ya mgahawa, itakaa ndani ya mgahawa." Betri ilipokwisha, gari lilishuka katikati kwa uzito wake na kingo za paa zikapandana upana wa vidole viwili.

Alikaa chini kwenye kokoto akawasubiri polisi.

Kituoni, Wilfred alitaka afunguliwe kesi ya uharibifu wa mali. Askari wa zamu, mama mmoja mtu mzima, aliandika maelezo ya pande zote mbili bila haraka. Didas aliposema mbele kuna namba ya chesesi na nyuma palikuwa na nyingine, aliyoisaga kwa mkono wake mwenyewe, mama yule aliacha kuandika.

"Umeisaga wewe?"

"Ndiyo, afande."

"Unajua unajishitaki?"

"Najua."

Akamgeukia Wilfred. "Na wewe lete karatasi za hizo gari zote mbili. Kesho asubuhi."

Wilfred hakuja kesho yake, wala siku iliyofuata. Yadi yake ilibaki na kufuli. Didas aliachiwa kwa dhamana ya mwenye gereji, aende akaripoti kila wiki mpaka uchunguzi uishe. Celica ilivutwa ikawekwa nyuma ya kituo kama kielelezo, imepinda mgongo.

Habari zilitembea haraka kuliko alivyotegemea. Wauza magari waliokuwa wakimletea kazi walianza kuzipeleka kwingine, na mmoja alimwambia waziwazi kwamba fundi anayekata gari la mteja ni mwendawazimu. Mafundi wenzake hawakumcheka usoni.

Siku ya nne alimpigia simu Herieth, kwa namba aliyoipata kwa yule fundi wa Tegeta. Alimweleza yote, tangu grenda mpaka kituoni, na kwamba ataitwa kuwa shahidi. Upande wa pili wanafunzi walikuwa wanapiga kelele za mapumziko.

"Nitakuja kutoa ushahidi," Herieth alisema. "Dhidi yake, na dhidi yako pia."

"Ni haki yako, mwalimu. Nilitaka tu ujue kwamba haiuziki tena."

Didas alidhani Herieth amekata simu. Kisha sauti yake ikarudi, chini, hasira ikiwa palepale.

"Ungeikata mwezi wa kwanza, fundi."

Didas aliendelea kuishika simu sikioni baada ya laini kukatika. Mbele yake palikuwa na Noah iliyobonyea ubavuni, mwenye gari, mzee mmoja, amekaa kwenye ndoo akisubiri. Alimwendea. Kabla hajagusa kitu alimuuliza gari amelinunua wapi, na kwa nani, na yule mzee akashangaa fundi wa bodi anataka kujua hayo ya nini.

"Nijibu tu, mzee," Didas alisema. "La sivyo sishiki nyundo."